Kasi ya Mabingwa

Sehemu iliyomshinda Magesa haikuwa ndefu. Ilianza pale yule bingwa wa kwenye video alipouachia mkono wa mwenzake, wakasimama bega kwa bega, miguu yao ikaanza kupishana upesi upesi kama ya watu wanaokanyaga makaa. Kisha mwanamke alizunguka nyuma ya mwanamume, na mikono yao ikakutana tena upande wa pili bila hata mmoja wao kutazama. Sekunde tisa tu. Magesa na mkewe Scolastika walikuwa wameirudia sehemu hiyo kwa wiki tano, na katika wiki hizo zote mkono wa Magesa haukuwahi kufika kwa wakati. Scolastika akimaliza kuzunguka, alikuta hewa.

Walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye pagala lao, nyumba waliyokuwa wakiijenga nje kidogo ya senta ya Bugarama. Bati lilikuwa limeshapigwa na sebule ilikuwa na sakafu ya saruji, ila madirisha yalikuwa bado matundu matupu. Magesa, mwenye miaka hamsini na miwili, alikuwa fundi wa mitambo mgodini, mtu wa kulala chini ya magari ya kubebea mawe ambayo tairi moja tu linamzidi mtu urefu. Scolastika aliuza vitenge sokoni na kufundisha kwaya ya kigango. Mwezi wa tisa walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Ukumbi ulikuwa umeshapatikana, padri alishakubali tarehe, na binti yao Juliana alikuwa ameomba ruhusa chuoni Mwanza.

Habari ya dansi ilianzia kwa Kalisti, mpiga video za harusi. Mwezi wa tatu Magesa alikwenda studio kwake kumweleza tarehe ya jubilei, akamkuta ametulia mbele ya kompyuta, hana hata habari ya mgeni. Kwenye kioo palikuwa na watu wawili, mwanamume mrefu aliyevaa suruali yenye mikanda ya mabegani na mwanamke wa sketi ya njano. Walirushana, wakavutana, wakateleza, na nyuma yao bendi kubwa ya matarumbeta ilikuwa inapiga kama imewashwa moto.

"Ni nini hiyo?" Magesa aliuliza.

"Wanaiita swingi. Dansi ya zamani ya Wamarekani weusi. Siku hizi inashindaniwa dunia nzima, na hawa ndio mabingwa wa mwaka jana."

Magesa aliitazama mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Ilipokwisha mara ya tatu alisema, "Niwekee hiyo kwenye flashi."

"Ukaitazame nyumbani?"

"Nikaicheze."

Kalisti alicheka, lakini akaitafuta mtandaoni mahali inapopakulika, akamwekea. Scolastika naye alicheka alipoletewa, halafu akaitazama peke yake mchana mzima huku akikunja vitenge, na jioni akasema kwamba kama mumewe hana utani, basi yeye anataka sketi ya njano.

Hawakuwa na mwalimu wa kuwaelekeza. Walikuwa na runinga ndogo waliyoibeba hadi kwenye pagala, waya mrefu wa umeme kutoka kwa jirani, na vile vipande vya video ambavyo Scolastika alivikata kwa hesabu ya nane nane, kama anavyokata nyimbo za kwaya. Kila kipande walikipa jina. Pale mwanamume anapomvuta mwanamke na kumwachia aende mbali hadi mwisho wa mkono, paliitwa kufungua mlango. Mahali pa kuchezesha nyayo chini paliitwa kupepeta. Palikuwa na kuvuka tope, na palikuwa na nundu, na zile sekunde tisa zilizomshinda Magesa kwanza waliziita makaa. Baadaye wakawa wanasema "ile sehemu" tu.

Wapita njia walisimama kwenye matundu ya madirisha. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akitoka shambani alisalimia, "Mwadila," akasubiri waitikie, akaweka jembe chini na kuwatazama mpaka akatosheka, kisha akaondoka. Scolastika alipenda mambo hayo. Akikosea alicheka na kushika kiuno. "Baba Juliana, sisi tumezeeka. Wale ni vijana, na chakula chao hakina dagaa."

Magesa hakucheka. Mwanzoni alikuwa akicheka, lakini kadiri wiki zilivyokwenda alinyamaza zaidi. Aliirudisha video nyuma, akaitazama ameinama karibu kabisa na kioo, akasimama, akajaribu, mkono ukachelewa. Aliirudisha tena. Siku moja Scolastika alimkuta amesimama peke yake chumbani, shati halijafungwa, akitazama saa ya ukutani. Alipoingia, mumewe aligeuka ghafla kama mtu aliyefumaniwa.

Magesa alikuwa akipima muda anaotumia kufunga vifungo vya shati.

Hilo lilikuwa na historia yake. Baba yake, mzee Mageni, alikuwa mchezaji wa ngoma, mtu wa Bagalu, kimoja cha vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana Usukumani, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumwona akirusha jembe juu na kulidaka nyuma ya mgongo. Alipofika miaka hamsini na nne, katika ngoma ya mavuno, alichelewa pigo moja. Watu walidhani ni pombe. Mwaka uliofuata alichelewa mapigo mawili, kisha akaacha kwenda. Baada ya miguu vilifuata vifungo vya shati, baada ya vifungo kijiko, kisha mikono ikaanza kutetemeka hata akiwa amekaa. Miaka sita tangu siku ile ya ngoma alifariki kitandani akiwa hawezi kujigeuza. Nyumbani walisema amerogwa na wachezaji wa upande wa pili. Muuguzi mmoja alikuja kumweleza Magesa baadaye kwamba ni ugonjwa wa ubongo unaoupunguza mwili kasi kidogo kidogo, na kwamba kuna familia ambazo unarudi kwa watoto. Magesa alikuwa na miaka ishirini na saba wakati huo. Hakumwambia mtu. Aliweka maneno yale mahali, akaendelea na maisha, akaoa.

Sasa kila mkono wake ulipochelewa, alimwona baba yake kwenye ngoma ya mavuno.

Hakuweza kumwambia Scolastika. Alijua atakachofanya. Atanyamaza, atapika vizuri, na tangu siku hiyo atakuwa anamtazama mikono kila anaposhika kikombe. Alikuwa amemwona mama yake akifanya hivyo miaka sita. Basi mwishoni mwa mwezi wa sita, baada ya kuijaribu ile sehemu mara kumi na moja mfululizo, alizima runinga.

"Tuache," alisema.

"Tupumzike? Haya, nina maji kwenye ndoo."

"Tuache kabisa, Mama Juliana. Tutaingia ukumbini kama watu wengine. Tutacheza rumba, inatosha."

Scolastika alisimama katikati ya sebule, jasho likimtiririka. "Ni mimi? Ni huu mwili wangu? Kama unaona nakutia aibu, niambie."

"Siyo wewe."

"Sasa ni nini?"

"Nimechoka tu."

Alianza kukunja waya wa umeme, na mkewe alimtazama anavyoukunja, kwa uangalifu kupita kiasi, mzunguko juu ya mzunguko, bila kuinua uso.

Wiki iliyofuata alikuwa kwenye mapumziko ya zamu. Alimwambia mkewe anakwenda Isaka kwa Abel, shemeji yake anayefanya kazi ya kupakua makontena bandari kavu, kuulizia fremu za madirisha. Alipanda basi, akaipita Isaka, akaenda mpaka Shinyanga mjini, hospitali. Alipokelewa na daktari wa kike wa makamo aliyeitwa Sesilia, mtu wa maneno machache. Alimwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, atembee hadi mlangoni na kurudi, aandike jina lake, achore duara linalozunguka ndani ya duara. Alimkunja mikono na kuikunjua. Alimpima presha.

"Sioni dalili ya ule ugonjwa," alisema.

"Lakini miguu yangu inachelewa."

"Inachelewa wapi? Ukitembea?"

Magesa alitafuta namna ya kueleza habari ya matarumbeta na sketi ya njano mbele ya daktari mwenye foleni ya watu thelathini nje, akashindwa. "Kazini," alisema.

"Hamsini na mbili siyo ishirini, mzee wangu. Rudi baada ya miezi sita." Aliandika kwenye kadi, akamkabidhi.

Njia nzima ya kurudi Magesa aliitazama ile kadi. Miezi sita. Kama hakuna kitu, kwa nini arudi? Alijiambia kwamba ndivyo madaktari wanavyosema wanapoona kitu kidogo ambacho hawataki kukitaja. Aliikunja kadi, akaiweka ndani ya kava la simu.

Kumbe alasiri ile ile Abel alikuwa amempigia dada yake kumsalimia, na katika mazungumzo Scolastika alimuuliza kama mgeni wake ameshakula.

"Mgeni gani?" Abel aliuliza.

Scolastika alibadilisha maneno upesi. Mumewe aliporudi na kusema fremu za Isaka hazifai, alimwandalia maji ya kuoga na hakuuliza kitu. Alikuwa ameishi katika mji wa dhahabu miaka ya kutosha. Alijua wanaume wanaoacha mambo ghafla, wanaoanza kunyamaza, wanaosafiri kwenda mahali wasipofika. Alijua pia kwamba akiuliza atajibiwa, na hakuwa tayari kulipokea jibu lenyewe miezi miwili kabla ya jubilei yake.

Akajishughulisha na kwaya. Jumamosi moja mchana, wanakwaya walipokwisha kuondoka, alibaki kanisani peke yake na kinanda. Wazo lilimjia kwamba kama hawatacheza ule wimbo, angalau kwaya iupige wanapoingia ukumbini. Wimbo wenyewe ulikuwa umemkaa kichwani kwa miezi. Aliweka simu juu ya kinanda, akaicheza video, akaanza kutafuta do yake.

Haikupatikana. Akibonyeza F kali, wimbo ulikuwa juu yake kidogo. Akibonyeza G, wimbo ulikuwa chini yake kidogo. Ulikaa katikati, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Alidhani kinanda kimeharibika, akapiga wimbo wa misa alioukuta kwenye simu hiyo hiyo, ukalingana sawasawa. Alirudi kwenye video, akaianzisha tangu mwanzo kabisa, mahali ambapo wao walikuwa wakiruka siku zote, pale mtangazaji anapowataja washindani. Sauti ya mtangazaji ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa darasa la pili. Lakini mtangazaji mwenyewe, alipojitokeza pembeni ya kioo, alikuwa baba mnene mwenye ndevu.

Nyumbani kwao, Scolastika akiwa msichana, palikuwa na redio kaseti iliyoharibika mota. Ikishapata moto ilikimbiza kanda, na waimbaji wote wakawa bata. Baba yake alikuwa akiipiga kofi ili itulie.

Alifunga kinanda, akaenda moja kwa moja kwa Kalisti.

"Hii video uliitoa wapi?"

"Mtandaoni, mama. Kwa nini?"

"Inakimbia."

Kalisti alivaa vipokea sauti, akasikiliza, akakunja uso. "Aisee," alisema taratibu. Alimweleza kwamba kuna watu wanaochukua video za wenzao na kuziweka kwenye kurasa zao kama ni mali yao, na ili mtandao usiwagundue huziongeza kasi kidogo, si sana, kiasi kwamba mtazamaji hashtuki. Alitafuta ukurasa wa waandaaji wenyewe wa mashindano, akaipata. Mwanamume yule yule, sketi ile ile. Aliziweka zote mbili pamoja kwenye kioo, akazianzisha kwa wakati mmoja. Ndani ya hatua nane za kwanza wale wa kushoto walikuwa wameshawaacha wenzao wa kulia.

"Ya kweli ni dakika tatu na sekunde sita," Kalisti alisoma. "Niliyowapa mimi ni dakika mbili na sekunde arobaini na moja. Mama Juliana, naomba unisamehe. Sikuangalia."

Scolastika alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wiki zote zile za kujiita mzee. Alimwambia amwekee ile ya kweli kwenye simu, akaondoka kwenda kwenye pagala kumpa mumewe kichekesho. Hakujua anachokibeba.

Magesa alikuwa akipima tundu la dirisha kwa futi, penseli imechomekwa sikioni. Alimsikiliza mkewe akisimulia habari ya kinanda, akaitikia, "Ee," akiendelea kupima. Alisikiliza habari ya redio ya mkwewe. Mkewe alipofika kwenye habari ya Kalisti na zile video mbili, futi lilijirudisha lenyewe ndani ya kasha lake kwa kishindo, na Magesa hakuliinua tena.

"Sema tena."

"Imeongezwa kasi. Ile tuliyokuwa tunajifunzia. Wenyewe hawachezi hivyo, hakuna binadamu anayecheza hivyo."

"Kwa kiasi gani?"

"Sekunde ishirini na tano zimeliwa."

Magesa alitoa simu, akafungua kikokotoo, akabonyeza. Akafuta, akabonyeza upya. "Asilimia kumi na tano," alisema. "Mtambo ukiuendesha asilimia kumi na tano juu ya kasi yake unaua pampu." Aliketi juu ya mfuko wa saruji, taratibu, mkono mmoja ukishika ukuta. Kisha akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Scolastika alidhani anacheka naye. Ilimchukua muda kuona kwamba haikuwa kicheko, au haikuwa kicheko peke yake.

"Baba Juliana. Kuna nini?"

Alimweleza. Aliongea akitazama sakafu, habari ya ngoma ya mavuno, vifungo vya shati, kijiko, muuguzi, saa ya ukutani. Alitoa ile kadi ndani ya kava la simu, akampa. Scolastika aliitazama mbele na nyuma.

"Kwa hiyo siku ile hukwenda Isaka," alisema.

"Ulijua?"

"Abel alipiga simu."

"Na hukuniuliza?"

"Niliogopa utanijibu." Aliketi kwenye mfuko wa pili, karibu naye. "Nilidhani una mwanamke mahali fulani. Nimekaa na huyo mwanamke wiki tatu. Nilishampa hadi jina."

"Jina gani?"

"Usiniulize."

Magesa alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aketi, macho mekundu. "Mwanamke wa Shinyanga," alisema, "ananikunja mikono na kuniambia nichore duara." Hapo ndipo walipocheka, wote wawili, kicheko kirefu kinachokata na kuanza upya. Kilipokwisha, Scolastika alimpiga kibao cha begani, siyo cha mchezo.

"Usifanye hivyo tena. Umenisikia? Ukiumwa, tuumwe wote. Unaficha mzigo kama huo kwenye kava la simu."

"Nimesikia."

"Haya, simama."

"Kufanya nini?"

"Fundi haamini mpaka ajaribu. Nakujua."

Hawakuwa na runinga siku hiyo. Walisimamisha simu kwenye tundu la dirisha, wakasukuma mifuko ya saruji pembeni. Video ya kweli ilipoanza, bendi ilisikika nzito, matarumbeta yana kifua, na mwimbaji alikuwa mama mtu mzima. Walifungua mlango, na mlango ulifunguka polepole kiasi cha kuwashangaza. Katikati ya hatua palikuwa na nafasi. Palikuwa na nafasi hata ya kuvuta pumzi. Walipepeta, wakavuka tope, na ile sehemu ikawa inakuja. Aliuachia mkono. Miguu ikapishana, moja, mbili, tatu na nne, na Scolastika akaenda nyuma yake.

Alipotokea upande wa pili, mkono wa Magesa ulikuwa umeshafika. Ulikuwa pale unamsubiri, umewahi kabla ya wimbo. Wiki tano za kukimbizana na kitu kisichowezekana zilikuwa zimemfanya awe mwepesi kuliko alivyotakiwa.

"Umewahi," Scolastika alisema, akihema.

"Nimewahi," Magesa alisema. Alisahau kuendelea. Mabingwa walimaliza peke yao kule dirishani, watu wakawapigia makofi, na wao walikuwa bado wamesimama wameshikana mikono.

Scolastika hakukubali kusubiri hiyo miezi sita. Alisema furaha ya pagala siyo cheti cha daktari, na Magesa hakubisha. Alhamisi iliyofuata walikuwa wote Shinyanga kwenye benchi la kungojea. Safari hii aliyezungumza ni Scolastika, na alieleza kila kitu, mashindano, flashi, kasi, hadi mwanamke wa kufikirika. Daktari Sesilia alisikiliza mkono umeshika shavu.

"Kwa hiyo ule wepesi unaosema unakushinda, ulikuwa wa kucheza dansi ya mabingwa wa dunia."

"Ndiyo, daktari," Magesa alisema kwa aibu.

"Iliyoongezwa kasi."

"Ndiyo."

"Nionyesheni."

Walisukuma viti. Chumba kilikuwa kidogo na hapakuwa na muziki, Scolastika aliuimba mwenyewe kwa do re mi, na walicheza ile sehemu kati ya kitanda cha kupimia na kabati la dawa. Muuguzi aliyefungua mlango kuleta mafaili alibaki mlangoni. Daktari aliwataka warudie, na mara ya pili hakutazama mikono wala sketi, alitazama miguu ya Magesa tu. Kisha akampima tena kila kitu, kwa utulivu kuliko mara ya kwanza.

"Siwezi kumwapia mtu yeyote kuhusu kesho yake, hata mimi mwenyewe," alisema alipomaliza. "Lakini leo huna ule ugonjwa, na mtu aliyeanza kuugua asingeweza haya niliyoyaona. Kalale."

"Sasa ile miezi sita, daktari? Kwa nini ulisema nirudi?"

Aliichukua kadi, akaitazama. "Presha. Ilikuwa juu kidogo siku ile. Imeandikwa hapa." Alimwonyesha kwa ncha ya kalamu maneno mawili ambayo Magesa alikuwa ameyatazama mara mia na hakuweza kuusoma mwandiko. "Na leo imeshuka. Punguza chumvi."

Nje jua la saa sita lilikuwa kali. Waliingia mgahawa wa kwanza waliouona, wakaagiza wali kwa maharage na sato wa kukaanga, na Magesa alikula kama mtu aliyetoka mfungo. Hakumbuki walizungumza nini. Anakumbuka tu kwamba alikuwa na njaa, na kwamba alilala ndani ya basi njia nzima mpaka Bugarama, kichwa kwenye bega la mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Juliana akiwa mchanga.

Siku ya jubilei ukumbi ulijaa. Walikuwepo mafundi wenzake wa mgodini, Wachaga na Waha na Wanyakyusa, ndugu wa kijijini waliokuja na mbuzi, kwaya nzima, na Abel kutoka Isaka aliyekuwa bado anaomba radhi kwa kupiga simu siku isiyofaa. Mshereheshaji alitangaza kwamba wenyewe wana jambo lao. Matarumbeta yakaanza. Watu waliokuwa wamezoea kuona wanajubilei wakiingia kwa mwendo wa kunyata walisimama kwenye viti.

Hawakucheza kama mabingwa. Katikati Magesa alisahau kipande kizima, akaona kiza kitupu mbele ya wimbo, akafungua mlango mara mbili zaidi hadi miguu ikakumbuka. Scolastika alimfuata bila kubadilisha uso, na ukumbini hakuna aliyejua isipokuwa Juliana, aliyekuwa ametumiwa video na kuisoma kama mtihani. Ile sehemu ilipokuja ilipita haraka, safi, na mkono ukashika mkono. Kalisti alikuwa amepiga goti mbele kabisa na kamera yake. Baadaye mwenyekiti wa kina mama wa kigango, mama mmoja mkali aitwaye Apolonia, alimvuta Scolastika pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini kama mtu wa miaka sitini anaweza kufundishwa, na kama itamlazimu amlete na mumewe au anaweza kuja peke yake.

Asubuhi yake Magesa aliamka saa mbili, watu wakiwa wameshaanza kuosha masufuria uani. Alijaribu kuketi, akaguna, akarudi chini.

"Unaumwa?" Scolastika aliuliza kutoka mlangoni, upesi.

"Mapaja. Yote mawili. Na hapa kiunoni." Alijipapasa sehemu moja baada ya nyingine. "Nimecheza jana, leo mwili unauma."

"Umecheza mara nne. Waliomba turudie, nawe ukakubali."

"Nilikubali," Magesa alisema. Alijinyoosha kwa uangalifu mpaka vidole vya miguu vikafika mwisho wa kitanda, akabaki ametulia hivyo hivyo, akisikiliza kelele za masufuria.

"Usiinuke," mkewe alisema. "Nakuletea chai."